Posa Katikati ya Mazoezi

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana wa kikundi walinifanyia chai na mahamri, wakanipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye ndiyo kwanza ameruhusiwa kutojali saa. Kisha wakaniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa ilipoanza, kwa sababu wengi wao waliingia kikundi kikiwa tayari kina gari, taa, vipaza sauti na sare. Haya, ninaandika. Anayetafuta humu habari za vyeo na akamuulize aliyevipata.

Kazi yangu mnaijua, ingawa kazini hamkuniona. Mimi ni mnong'onezaji. Mchezaji anapokuwa jukwaani na maneno yakamtoka kichwani, mimi niliyejificha kando humrudishia mstari wake kwa sauti ya chini, yeye akaendelea kama aliyeukumbuka mwenyewe, akapigiwa makofi. Nimeifanya tangu miaka ile Uhuru ulipokuwa bado unanukia rangi mbichi, mpaka mwezi uliopita. Nimewanong'onezea watu waliokuja kuwa madiwani, na hata mmoja aliyekuja kuwa kadhi, na wote walikuwa wakisahau mahali palepale pepesi.

Mwanzo wake ni ukumbi wa Msambweni. Ofisi ya jamii ya wilaya iliamua kwamba kila upande utunge mchezo wa kuimba unaoonyesha maisha ya nchi mpya, na mchezo utakaopendeza utachukuliwa uzungushwe wilaya nzima kwa gharama ya serikali. Watu wa Kinango walipewa mifugo. Wa Tiwi wakapewa minazi, wa Jego uvuvi. Sisi wa Msambweni, sijui kwa hesabu gani, tukapewa maisha ya kila siku ya mjini. Mji wenyewe ulikuwa Mombasa, ng'ambo ya feri, na wengi wetu tulikuwa tumeufikia kwa ajili ya ugonjwa au mazishi tu.

Aliyetunga mchezo ni Mwalimu Yohana, Mduruma wa bara ya Kinango, mwalimu wa shule yetu na wa kwaya ya kanisa lao. Kabla ya ualimu aliwahi kubeba mizigo katika maghala ya reli Mombasa, kwa hiyo kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mjini. Mchezo aliuita Mji Unaamka. Ulianza alfajiri na foleni ya bomba la maji, ukaendelea kwa fundi cherehani na muuza kahawa, hamali na mkokoteni wake, mpaka jioni watu wanaporudi vyumbani kugombania jiko. Alikusudia kuuweka ngoma, zeze na kinanda kimoja cha kuvuta alichokuwa amekiona Ukunda.

Hapo ndipo alipokuja Maalim Shee. Ukumbi ule ulijengwa juu ya kiwanja cha wakfu. Babu yake Maalim alikitoa kwa ajili ya Mungu, watu wakutane humo kwa mambo ya heri, na akaweka sharti kwamba hapatapigwa ngoma wala chombo chochote cha muziki mpaka Siku ya Kiyama. Maalim Shee ndiye aliyekuwa msimamizi wa wakfu. Hakuwa mtu mkali hata kidogo. Alikuwa mwaminifu, na mtu mwaminifu huchosha kuliko mkali, maana huwezi hata kumkasirikia ukapata raha.

"Na mdomo je, Maalim?" Mwalimu Yohana alimuuliza.

"Mdomo amekupa Mungu, Mwalimu. Upige utakavyo."

Basi mji mzima wa Mombasa ukawa wa mdomo. Cherehani ilikuwa ulimi wa msichana mmoja, Mwanasiti. Vikombe vya muuza kahawa vilitoka kooni mwa mtu, na maji ya bomba yalitoka mashavuni mwa dada wawili wa Mkwakwani ambao, tangu siku ile, hakuna aliyetaka kukaa mbele yao. Mkokoteni wa hamali haukuwapo. Hamali alisukuma hewa, na nyuma yake alitembea Mzee Tsuma, mkwezi wa minazi, ambaye ndiye aliyekuwa gurudumu. Kazi yake ilikuwa kulia kwiii, kwiii. Aliichukua kwa uzito ambao sijauona tena kwa mchezaji yeyote. Kila siku kabla ya kuanza aliuliza mzigo ni wa nini, kwa sababu, alisema, gurudumu halilii sawasawa chini ya mchele na chini ya saruji.

Maalim Shee alihudhuria mazoezi yote ili kulinda sharti la babu yake, na kila kitu kilipita kwake. Mwalimu Yohana alikuwa na kijiuma cha chuma chenye meno mawili, ambacho ukikigonga mezani hutoa sauti moja nyembamba ya kuanzia wimbo. Maalim alikishika, akakigeuza.

"Hii nini?"

"Ni uma, Maalim."

"Wa kulia chakula?"

"Wa kusikilizia."

"Uma wa kusikilizia ni chombo cha muziki. Uma wa kulia chakula ni uma. Chagua mwenyewe, Mwalimu."

Mwalimu aliutia mfukoni, na kesho yake nikamwona akila nao papai bila furaha yoyote. Makofi yalifikiriwa muda mrefu, mwisho yakaruhusiwa kwa watazamaji, si kwa wachezaji. Mbao za jukwaa zilipokanyagwa zililia, na mbao inayolia kwa kipimo, alisema Maalim, ni ngoma iliyolala chali, kwa hiyo tukatandika mikeka, tukacheza pekupeku. Mlango wa ukumbi, ambao ulikuwa na mlio mzuri unaopanda mwishoni, ulitiwa mafuta ya nazi ukanyamaza. Mzee Tsuma alikuwa na pengo linalopiga mluzi anapovuta pumzi. Maalim alilichungulia kwa makini sana, kisha akasema pengo ni lake, hakulinunua, aachiwe.

Mimi niliingia kazini kwa sababu ya koo. Sauti yangu ilikuwa ndogo tangu utoto, haifai kuimbia hata mtoto wa kulala, lakini Mwalimu aligundua kwamba naweza kuituma kwa mtu mmoja asiisikie aliye karibu naye. Pia nilikuwa na kichwa kinachoshika. Mchezo mzima ulikuwa kichwani mwa Mwalimu, haukuandikwa, akanipakulia wote nikauhifadhi, zamu ya kila mtu. Siku ya kwanza nilikalishwa upande wa kushoto wa jukwaa, nyuma ya mkeka uliosimamishwa kwa fito mbili, wenye tundu la kuchungulia.

Kifaa changu kilikuwa bua la jani la mpapai. Mnalijua, lile lenye uwazi katikati. Ukiliweka mdomoni na kulielekeza kwa mchezaji, maneno yanakwenda moja kwa moja kama maji katika mrija. Likatwe siku ileile, kwa sababu likikauka linapasuka, na lisafishwe utomvu, la sivyo midomo itawasha mchezo mzima. Maalim alilijua bua hilo kwa sababu watoto hulipuliza likatoa sauti ya baragumu. Alinifanya niahidi kwamba nitasema tu ndani yake, sitapuliza. Nimeitunza ahadi hiyo hata kwenye kumbi zisizokuwa za wakfu.

Kitu cha kwanza kilichotushinda mjini ni kutosalimiana. Mwalimu Yohana alitaka wimbo wa asubuhi uonyeshe watu wakipishana barabarani kila mmoja na haraka zake, hakuna anayemtazama mwenziwe. Hatukuweza. Mwanasiti akimwona Mzee Tsuma alisema "Shikamoo, babu," na Mzee akajibu "Marahaba, mwanangu, hujambo, wazee hawajambo?" na gurudumu likasimama katikati ya mji. Mwalimu alipiga kelele kwamba mjini watu hawajuani. Mama yangu, aliyekuwa kwenye foleni ya bomba, akamwambia, "Mwalimu, hata kama hawajuani, si watu?" Mwishowe salamu zilitiwa ndani ya wimbo, kwa haraka, na ndiyo maana Mombasa yetu ilikuwa mji wenye adabu kuliko ule wa ng'ambo.

Nimemtaja mama. Jina lake Bi Mwanatumu, mjane, na asubuhi alikuwa akiuza vitumbua mbele ya nyumba. Sauti yake ilikuwa kali, ya kupasua, na Mwalimu alimpa zamu kubwa kuliko zote za wanawake. Yeye ni mama wa bombani, anayesimama katikati ya barabara na debe lake. Hamali anakuja na mkokoteni, anaimba "Simila! Simila!" kama wasemavyo mahamali wa mjini wakitaka njia. Mama anamjibu kwa wimbo, "Sipishi! Sipishi, hata uje na meli!" Wanajibizana mara kadhaa, hasira zinapanda, halafu hamali anamsukuma kwa bega. Mama anaangukia mikononi mwa foleni, foleni inapiga ukelele, na kutoka katika ukelele ule sauti zote za mji zinaingia kwa pamoja, cherehani, vikombe, maji, king'ora cha reli. Mchezo mzima uliegemea pale. Bila ule msukumo mji haukuamka.

Mama alikipenda kile kipande kupita kiasi. Alifanya mazoezi ya kuanguka nyumbani, juu ya godoro la sufi, na kuniuliza mguu gani utangulie.

Hamali alikuwa Bakari. Alikuwa mkata miwa, mrefu, kifua kipana, na sauti yake peke yake ndiyo iliyoweza kusikika juu ya sauti ya mama. Nilimtaka. Nimezeeka sasa, naweza kuliandika bila kujifunika leso usoni. Wakati ule sikuweza kulisema mbele ya mtu yeyote, lakini kila "Simila" yake niliisikia nyuma ya mkeka wangu mpaka kwenye magoti. Naye alijua, kwa sababu alikuwa akisahau mistari ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeisahau, ili mradi nimnong'oneze.

Kwa muda wa mwezi mzima Bakari alimsukuma mama vizuri sana. Halafu Ijumaa moja wazee wake wakaja nyumbani kwetu na posa.

Mama aliwapokea kwa heshima. Ndugu zake wawili, wajomba zangu, walikuwapo. Mimi nilileta kahawa nikaondoka, kama ipasavyo, kwa maana kwetu mwari haulizwi mbele ya watu, naye hasemi. Nilisikiliza kutoka jikoni. Mama alisema, "Tumesikia. Tutajibu." Hilo ndilo jibu la kawaida, sikushtuka.

Kesho yake mazoezini Bakari alikuja na mkokoteni wake wa hewa, Mzee Tsuma nyuma akilia chini ya saruji. "Simila!" aliimba. Akamwona mama amesimama njiani na debe. Akainamisha macho, akatoka kwenye mkeka, akashuka jukwaani, akapita kando ya ukuta mpaka dirishani, akasimama huko akiangalia nje. Mzee Tsuma alimfuata kwa sababu gurudumu haliachi mkokoteni.

Mgeni huenda asielewe. Kwetu mwanamume hapishani na mama mkwe wake njia moja. Akimwona mbele anaingia majanini mpaka apite. Hampandishii sauti, hamtazami usoni, na kumgusa ndilo jambo ambalo hata halisemwi. Bakari alikuwa amelelewa vizuri, na sasa malezi yake yalikuwa yametuua.

"Lakini bado si mkwe wako!" Mwalimu Yohana alipiga kelele. "Hawajajibu!"

"Ndiyo hatari yenyewe, Mwalimu," Bakari alisema kutoka dirishani. "Wakishajibu nitakuwa nimepata. Sasa hivi ndipo ninapotazamwa."

"Na ulimsukuma mwezi mzima!"

"Nilikuwa namsukuma Bi Mwanatumu wa vitumbua. Huyu ni mwingine."

Mwalimu akaketi chini. "Mngeniuliza," alisema. "Posa gani inapelekwa katikati ya mazoezi? Mngesubiri onyesho!"

Vikao vilivyofuata ni miongoni mwa vikao vya ajabu nilivyopata kuvihudhuria, na nimehudhuria vikao vya kamati za wilaya. Mwalimu alipendekeza mama abadilishwe. Mama alisema atakayechukua debe lake amwue kwanza. Akapendekeza Bakari abadilishwe, tukawajaribu wengine, na mama akawafunika wote kwa sauti mpaka hamali wa tatu akaomba radhi na kwenda zake. Akapendekeza posa irudishwe kwa wazee wa Bakari mpaka baada ya onyesho, halafu iletwe tena. Wazee wa Bakari walikuwa tayari wameanza kuitikia kwa vichwa mama aliposema, "Posa imeingia nyumbani kwangu, haitoki. Si debe la kuazimana."

Basi Mwalimu akajaza gunia mbata, akalifunga leso ya mama, akalisimamisha barabarani badala yake. "Sukuma hilo," alisema. "Ni gunia. Umesukuma magunia maisha yako yote." Bakari alikuja vizuri, "Simila! Simila!" Alipofika mbele ya gunia akasita, akalipisha.

"Ni gunia, mwana wewe!"

"Leso ni yake, Mwalimu," Bakari alisema.

Maalim Shee, ambaye hakuulizwa, alisema kwamba kwa upande wa wakfu gunia linaruhusiwa.

Wiki zilikwenda. Kila Ijumaa wajomba zangu walikuja kunywa kahawa na kuuliza, "Tuwajibu nini wale watu, dada?" Mama alisema, "Bado." Nilianza kuogopa. Nilimwona mazoezini jinsi alivyokuwa akimtazama Bakari pale dirishani, kwa hasira, huku kipande chake kizuri kinamfia mikononi. Siku moja akifumua nywele zangu alisema, "Mtu anayekimbia hata leso yangu, mimi nitamjuaje?" Nilitaka kumwambia kwamba mimi ninamjua, lakini koo langu, mnalijua. Nililia usiku kucha, na nililia kimya kwa sababu tulilala chumba kimoja.

Siku ya onyesho ilifika. Lilikuwa baada ya sala ya alasiri, madirisha yamefunguliwa wazi kwa ajili ya mwanga. Ofisa wa jamii alikuja, kijana wa bara mwenye tai, akakalishwa mbele karibu na Maalim Shee. Wajomba zangu walikaa safu ya pili, wazee wa Bakari ng'ambo ya pili, na kati yao watu wa Msambweni wote waliokwisha kusikia, maana habari ya posa ile ilikuwa imefika hadi Vanga. Hakuna aliyekuja kutazama Mombasa. Walikuja kutazama kama Bakari atamsukuma mkwewe, na wajomba walikuwa wameshasema hadharani kwamba akimgusa dada yao posa imekufa. Mwalimu Yohana naye alikuwa ameshasema kwamba asipomgusa mchezo umekufa. Nilikata bua langu la mpapai, nikalisafisha, nikaingia nyuma ya mkeka.

Kipande cha alfajiri kilikwenda vizuri. Ofisa alipoona watu wa mjini wanasalimiana aliandika kitu. Cherehani ilishona, kahawa ikamiminwa, dada wa Mkwakwani wakawalowesha watu wa safu ya mbele. Halafu nikasikia kwiii, kwiii, na Bakari akaingia.

"Simila! Simila!"

"Sipishi!" mama aliimba, debe kiunoni. "Sipishi, hata uje na meli!"

Bakari akafika mpaka karibu yake. Akamtazama miguuni, akageuza mkokoteni, akashuka jukwaani.

Safari hii mama hakumwachia. Alishuka nyuma yake na debe. "Sipishi!" alimwimbia mgongoni, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimfuata. Bakari akakata kati ya viti, mama nyuma, Mzee Tsuma nyuma yao akilia kwa kasi isiyo ya kawaida, na foleni ya bomba, ambayo kazi yake ilikuwa kumdaka mama, ikamfuata ili imdake atakapoangukia. Bakari alifika mlangoni, akatoka nje. Mchezo wote ukatoka nje.

Mnong'onezaji hawaachi wachezaji wake. Hilo nililijua bila kufundishwa. Lakini pia haonekani. Basi niliung'oa mkeka wangu na fito zake, nikakimbia nao nimeushika mbele ya uso, bua mkononi, nikajigonga kwenye nguzo ya mlango na kwa mtu mmoja mnene ambaye sikumjua. Watazamaji wakamiminika nyuma yangu. Maalim Shee alitoka mpaka kwenye jiwe la mpaka wa wakfu akasimama juu yake, mguu mmoja ndani, mmoja nje, asijue sasa analinda nini.

Bakari alikuwa amefika ukutani mwa duka la ng'ambo ya barabara. Mbele yake mama, kulia foleni, kushoto wajomba zangu waliokuja mbio. Hakukuwa na majani ya kuingia. Alikuwa akitokwa jasho mpaka kanzu imemganda. Na hapo, akiwa bado ameinamisha macho, akaimba taratibu, maneno ambayo Mwalimu Yohana hakuyatunga.

"Simila, mama mkwe. Simila."

Mama akanyamaza.

Kila mtu pale alielewa. Amemwita mkwe mbele ya mji, na amemwomba njia. Mama akisema apite, posa imejibiwa. Akiimba mstari wake kama ulivyo, "Sipishi," basi nayo imejibiwa, na wazee wa Bakari wataondoka wasirudi. Mama alisimama na debe lake, mdomo umefunguka kidogo, hatoi sauti. Mchezaji anayenyamaza hivyo amesahau mstari. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yetu, na mwenye kumrudishia ni mmoja tu.

Nilichungulia tunduni. Mwalimu Yohana alikuwa mlangoni, akinipungia mikono yote miwili. Midomo yake ilikuwa ikisema, "Mpe! Mpe mstari!"

Mstari niliujua. Niliuhifadhi kabla ya mama mwenyewe kuuhifadhi. Niliweka bua mdomoni, nikalielekeza kwenye sikio lake.

"Pita, mwanangu," nilinong'ona.

Mama hakugeuka. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya vitumbua, "Sijasikia."

Nikanong'ona tena.

"Nasema sijasikia. Sema kwa nguvu, mwana."

Niliondoa bua mdomoni nikasema, "Pita, mwanangu." Wa karibu walisikia, wakaanza kutazama mkeka wangu.

"Wale wa nyuma hawajasikia," mama alisema. "Na hilo jamvi weka chini, unaongea na watu."

Nililiweka chini. Jua lilinipiga machoni, na watu wote wa Msambweni walikuwa mbele yangu, wajomba zangu, Maalim juu ya jiwe lake, na Bakari, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile aliinua macho. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilipiga kelele, mimi ambaye hata kuku sijawahi kumfukuza akanisikia.

"Apite! Mama, mpishe apite! Mimi ninamtaka!"

Mama akageuka, akawaelekea ndugu zake.

"Mmemsikia mwenyewe," aliwaambia. "Kila Ijumaa mnaniuliza mimi, tujibu nini, tujibu nini. Kwani ninaolewa mimi?"

Halafu akasogea pembeni, yeye mwenyewe, akampa Bakari njia yote. Bakari akapita na mkokoteni wake, hakumgusa hata upindo wa leso, na Mzee Tsuma akapita nyuma yake akilia polepole, nadhani safari hii mzigo ulikuwa mchele. Walipokwisha kupita, mama, ambaye alijifunza kuanguka mwezi mzima na hakuwa tayari kuyapoteza mazoezi yake, akaanguka mwenyewe. Foleni ikamdaka. Ukelele ukapigwa, na cherehani, vikombe, maji na king'ora vikaingia kwa pamoja pale barabarani, na wanawake wakatia vigelegele ambavyo havikuwamo.

Ofisa wa jamii alimshika Mwalimu mkono. "Hii ya kutoka inje imenifurahisha sana," alisema. "Msiiguse. Mtaifanya hivyo hivyo kila pahali." Kikundi kikachukuliwa na serikali siku ileile, na nyinyi vijana ndimo mlimokuja kuingia.

Mwalimu Yohana alinikuta ninakunja mkeka wangu. Alisimama kando yangu, uma wake mfukoni.

"Mishi," alisema, "mstari ulikuwa Sipishi."

"Ninaujua, Mwalimu," nilimwambia.